Injini ya Marehemu

Nyumbani kwa mama mkwe wangu, Kambi Muru, hakiingii kitu kisichojulikana kimetoka wapi. Uwe mtungi wa gesi, kiwe kitanda cha kununua kwa mtu, awe mbuzi wa Idi kutoka Kiamaiko, lazima aliyekileta aseme kauziwa na nani na karatasi iko wapi. Majirani humwona mkali. Mimi niliyeolewa pale nikitokea Kawangware nilimwona hivyohivyo, mpaka nilipomsikiliza vizuri.

Babu yake alikuwa askari wa King's African Rifles, mmoja wa Wanubi walioruhusiwa na serikali ya kikoloni kukaa Kibera baada ya utumishi wao. Mwaka 1918 eneo hilo lilitengwa rasmi, ekari zaidi ya 4,000, enzi hizo likiwa msitu. Walijenga, wakalima, wakazaana, wakazikana hapo, lakini mkononi walikuwa na kibali cha kukaa tu; ardhi yenyewe ilibaki ya serikali. Hati ya jamii ilikuja Juni 2017, Rais Uhuru Kenyatta alipowakabidhi ekari 288. Wengi wa wazee walioidai hawakuwahi kuiona. Hata kitambulisho hakikuwa jambo rahisi. Kijana wa Kinubi akifika miaka 18 aliitwa kwanza mbele ya kamati ya kumhoji, aeleze asili ya wazazi na babu zake, huku mwenzake wa darasa moja akipata chake kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi. Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uhakika wa uraia. Shemeji yangu, kitinda mimba wa nyumba ile, alihojiwa kama wenzake, akangoja mpaka akakata tamaa, kisha kitambulisho kikatoka. Na bila kitambulisho hupati PIN ya KRA, mamlaka ya ushuru, na bila PIN hakuna chombo cha barabarani kitakachoandikwa kwa jina lako.

Kwa hiyo mwisho wa mwaka 2021, shemeji alipofika mlangoni na mkokoteni uliobeba pikipiki aina ya Boxer BM 150 iliyopondeka, mama hakuuliza bei. Aliuliza karatasi.

Alikuwa nazo kiasi. Kwa miaka mingi shemeji alikuwa akiendesha pikipiki ya mtu na kumpelekea hesabu kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Alitaka yake. Mpya hakuiweza, na mkopo aliuogopa, maana alishaona wenzake wa steji wakinyang'anywa pikipiki wakiwa wamebakisha malipo machache. Basi akasikia kuna mnada wa vyombo vilivyopata ajali. Hii Boxer ilikuwa ya mkopo. Mwenyewe aligonga, bima ikalipa, yakauzwa mabaki. Shemeji alipewa hati ya mauzo yenye nambari ya fremu, na nakala ya logibuku, hati ya umiliki. Logibuku halisi, aliambiwa, itafuata kampuni iliyotoa mkopo ikishajiondoa kwenye umiliki.

“Itafuata lini?” mama akauliza.

“Hivi karibuni, mama.”

“Basi nayo itaendeshwa hivi karibuni.”

Hata hivyo akaruhusu iingie, kwa sababu nje isingelala salama. Kibera waendeshaji wengi hulala na pikipiki zao ndani, na usiku ukipita vichochoro vya kwetu utasikia milango ikifunguliwa kwa mapana ili usukani upite. Ila zile ni pikipiki nzima, zinaingia saa nne usiku na kutoka alfajiri. Yetu iliingia ikakaa. Meza ikasogezwa ukutani, mkeka wa swala ukahamia chumbani, na wageni wakawa wanakaribishwa kwa tahadhari, mguu wa kochi upande huu, rimu upande ule.

Rimu ya mbele ilikuwa imekunjika kama chapati iliyokunjwa kutiwa mboga. Foku zote mbili zimepinda, tenki limebonyea, taa na saiti mira hazipo. Injini nayo ilikuwa na ufa ubavuni, pale pedali ya gia ilipoingizwa ndani kwa kishindo cha kuanguka. Jambo moja tu lilikuwa la heri: fremu. Fundi aliyeletwa kutoka Kawangware 46 alifunga uzi shingoni mwa fremu akauvuta hadi nyuma, akapima upande huu, akapima upande ule, akasema imenyooka. Fremu ikipinda, alituambia, hata ukiinyoosha itamvuta abiria upande mmoja maisha yake yote, na yeye hafanyi kazi ya namna hiyo. Nilimheshimu tangu siku ile.

Kazi ilifanyika jioni, baada ya shemeji kurudi kutoka kwenye hesabu. Aliomba trei za mayai dukani, akawa anaweka kila bolti kwenye shimo lake na kuandika kwa chaki ilikotoka: bloku, klachi, siti. Ilikuwa kazi safi, ya mtu anayependa anachokifanya. Binti yangu wa miaka minne aliona trei zile akaona zinafaa mchezo wa duka. Tulizikuta bolti zote ndani ya kopo la sukari, zimepangwa kwa ukubwa, na chaki imepanguswa kwa kitambaa. Shemeji alikaa chini akashika kichwa. Kisha akampakata mtoto, wakaanza upya wawili hao, na mtoto ndiye aliyekuwa akimpa bolti mkononi mpaka usiku ukaingia.

Siku ya hatari ilikuwa siku ya kabureta. Shemeji aliiloweka kwenye petroli ndani ya sufuria, akaifunika, akaiacha chini ya kochi. Mama alikuwa upande wa pili wa pazia akioka gurusa, mikate ya Kinubi, kwenye jiko la makaa. Sijui pua yake ilinasa vipi harufu ile katikati ya moshi na mafuta ya kupikia. Alinyanyua jiko zima na makaa yake, kwa kanga aliyokuwa amejifunga, akatoka nalo mvuani. Gurusa zililowa. Hakupaza sauti. Aliingia, akachukua ile sufuria, akaimwaga mbali kwenye mtaro, akaiweka miguuni pa shemeji. Tangu hapo petroli ya kulowekea haikuvuka kizingiti cha nyumba ile, na nataka kila anayefungua injini ndani ya nyumba ya mabati alisome hili mara mbili. Kibera tumezika watu wengi kwa moto.

Krenkesi, lile ganda la chuma linalobeba injini yote, haikuwa ya kuziba. Ufa ulikuwa umepita penye mafuta. Mpya, Barabara ya Kirinyaga, ilitajwa bei iliyomfanya shemeji aondoke dukani bila kuaga. Fundi akasema anayo ya mkono wa pili, nzima, aliipata kwa mzee wa vyuma chakavu. Akaileta, akahamishia humo gia, krenki na vikorokoro vyote. Februari 2022, usiku, injini ikawaka. Majirani walitoka na vilemba vya kulalia wakapiga makofi. Shemeji alikuwa analia, na mimi nililia naye, kwa maana tulikuwa tumeishi na chuma kile muda mrefu kiasi cha kukijua kila jeraha.

Mama akasema: “Zima.”

Akavaa miwani. Akachukua tochi, kitambaa chenye mafuta ya taa, na ile nakala ya logibuku. Alianza na shingo ya fremu, akasugua, akasoma kwa sauti herufi kwa herufi, M, D, 2, mpaka mwisho wa herufi na tarakimu zote 17. Zikalingana na karatasi. Kisha akapiga magoti karibu na pedali ya gia, pale Bajaj, waundaji wa Boxer, wanapochonga nambari ya injini, akasugua tena. Akasoma mara ya kwanza. Akasoma mara ya pili. Akainuka, akamtazama fundi.

“Mwanangu, hii injini ni ya nani?”

Nambari ya injini hukaa kwenye krenkesi. Ukibadilisha krenkesi, hata kama kila kilichomo ndani ni kilekile cha zamani, kwa macho ya sheria umebadilisha injini.

Si kila nchi hutegemea nambari tu. Marekani, katika majimbo mengi, chombo kilichohesabiwa na bima kuwa kimekwisha hupewa hati inayosema ni mabaki. Ukikijenga upya kinakaguliwa, kisha kinapewa hati nyingine inayosema kimejengwa upya, na neno hilo linabaki kwenye hati ili kila atakayekinunua baadaye alione. Logibuku yetu ya Kenya inataja nambari ya usajili, ya fremu, ya injini, aina, mwaka wa kuundwa, rangi, ukubwa wa injini na mwenyewe. Kwamba chombo kiliwahi kupondeka na kufufuliwa, haisemi. Naona ni pengo, na nalisema kama mama anayempakia mtoto kwenye boda kwenda shule. Abiria ana haki ya kujua. Lakini kwa sababu neno hilo halipo, mzigo wote umelalia zile nambari mbili. Zikilingana na karatasi, pikipiki iliyotoka mautini ni pikipiki kama nyingine. Moja ikikataa, askari atakayeisimamisha ana kila sababu ya kudhani imeibwa. Tena Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inasema aliyeandikwa kwenye usajili ndiye atakayehesabiwa kuwa mwenyewe mpaka ithibitishwe vinginevyo. Maana yake, kwa injini ile, shemeji alikuwa anatembea na mali ya mtu asiyemjua.

Broka mmoja alikuja na suluhisho la haraka. Angesaga nambari ile na kugonga ya zamani juu yake, kazi ya usiku mmoja. Hilo ni kosa la jinai. Isitoshe, chuma kilichosagwa hujulikana. Mkaguzi akipitisha kidole anajua. Mama alimtoa nje kwa maneno ya Kinubi ambayo sikuombwa kuyatafsiri. Lakini shemeji alikuwa amechoka, na niliona usoni mwake kwamba amelichukua lile wazo akaliweka mfukoni.

Lililomtoa wazo hilo lilitokea Machi 2022. Mwanamke mmoja alidhalilishwa na kundi la waendeshaji boda kwenye Barabara ya Wangari Maathai, video ikaenea, nchi ikakasirika, na kwa haki. Rais akaagiza waendeshaji wote wasajiliwe upya, na polisi wakaanza msako. Steji zetu za Kibera zikabaki tupu. Waliokamatwa hawakuwa wale wabaya peke yao. Kila asiye na karatasi alibebwa. Shemeji aliona pikipiki za marafiki zake zikipakiwa lorini moja juu ya nyingine, na wengi wao shida yao ilikuwa logibuku iliyobaki kwa jina la aliyewauzia. Yetu ilikaa sebuleni, imefunikwa shuka. Siku chache baadaye msako ukasitishwa, ila broka hakupigiwa simu tena.

Ikabaki kumtafuta mwenye injini. Hapo nikawa na kazi, kwa kuwa Kawangware ni kwetu. Mamangu anakaa karibu na steji ya 56, na hakuna mtaa wa pale usio na shoga yake. Mzee wa vyuma chakavu hakutaka kuzungumza. Januari ile biashara ya chuma chakavu ilikuwa imepigwa marufuku nchi nzima, baada ya minara ya umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani, kwa hiyo kila aliyemuuliza habari za chuma alimwona mpelelezi. Tulingoja. Marufuku ilipoondolewa baadaye mwaka ule, mamangu alimwendea na chai ya maziwa kwenye thamosi, wakazungumza habari za mvua, za wajukuu, na mwishoni za krenkesi. Alikumbuka. Aliinunua kwa mjane mmoja wa Gatina.

Mjane alitupokea kwa hofu. Mumewe alikuwa mwendesha boda, aliugua akafa, na yeye akauza pikipiki vipande vipande kadiri karo ilivyodai: magurudumu muhula huu, injini muhula ule. Logibuku alikuwa ameihifadhi kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro. Alipoitoa, mama mkwe wangu aliyekuja nasi akaisoma, akafika kwenye nambari ya injini, akanyamaza. Kisha akamshika yule mama mkono akamwambia, “Dada, mumeo ndiye anayempa mwanangu riziki. Tunataka utuuzie vizuri.”

Kumbe kuuza vizuri kulihitaji zaidi ya barua na sahihi. Mali ya marehemu haina wa kuiuza mpaka mahakama imteue msimamizi. Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, inamkataza mtu mwingine yeyote kuigusa. Mama yule hakuwa na habari hiyo, na hakuna aliyewahi kumweleza. Tena alikuwa na akiba ya mumewe kwenye chama cha ushirika ambayo hakuweza kuitoa, kwa sababu hiyohiyo. Basi tukaanza naye mwanzo: barua ya chifu yenye majina ya warithi, cheti cha kifo, maombi mahakamani, tangazo katika Gazeti Rasmi la Kenya linalotoka Ijumaa, siku 30 za kungoja kama kuna mwenye pingamizi. Baada ya mahakama kumpa usimamizi, ikabaki miezi sita kabla ya kuthibitishwa. Kuna waliotuambia tunajisumbua bure kwa kipande cha chuma. Mama mkwe aliwajibu kwamba wao hawajui kungoja ni nini.

Katika miezi hiyo pikipiki ilitolewa kila Jumapili, ikawashwa uani ili betri isife, ikafutwa vumbi, ikarudishwa. Binti yangu alijua kutofautisha indiketa ya kushoto na ya kulia kabla hajajua kushoto na kulia kwake mwenyewe. Shemeji aliendelea kupeleka hesabu.

Mwaka 2023 mambo yakafunguka karibu kwa pamoja. Mahakama ikathibitisha usimamizi wa yule mama; akaandikiana na shemeji mauzo ya injini mbele ya wakili, akaambatisha nakala ya logibuku ya mumewe. Akiba yake akaitoa. Upande wetu, kampuni ya mkopo ikaachia umiliki. Mwaka uleule huduma za NTSA, mamlaka inayosajili vyombo vya barabarani, zilihamishwa kutoka mfumo wa TIMS kwenda eCitizen, kwa hiyo shemeji na kijana wa saiba ya Makina walijifunza njia mpya pamoja: muuzaji anaanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, mnunuzi anapokea ujumbe na kukubali kwenye yake, ada inalipwa kwa simu. Jina lilipotokea kwenye skrini, lake kamili, na jina la babu yake wa Kinubi mwishoni, kijana wa saiba aliomba kulipiga picha.

Ombi la kubadilisha injini lilikuwa na safari yake. Polisi walithibitisha kwamba nambari zile hazimo kwenye orodha ya vyombo vilivyoibwa. Kisha ukaguzi, Barabara ya Likoni, Industrial Area. Shemeji hakukubali kuiendesha hadi pale. Haikuwa na bima, akaipakia kwenye pikapu. Mkaguzi alijaribu breki, taa, honi, akazungusha usukani kusikiliza beringi za shingo, akachungulia matairi. Halafu akaweka karatasi juu ya nambari ya fremu akapitisha penseli, herufi zikajitokeza nyeupe katikati ya weusi. Akafanya vivyo hivyo kwenye krenkesi. Fundi wa Kawangware alikuja kwa hiari yake, akasimama pembeni na uzi wake mfukoni, endapo kungekuwa na swali juu ya fremu. Hakukuwa na swali.

Logibuku ilikuja ikiwa na nambari ya fremu iliyotoka mnadani na nambari ya injini iliyotoka Gatina, na juu yake jina la kijana wa Kambi Muru. Pleti ya zamani ilikuwa imekatika kwenye ajali, akaomba nyingine, hizi mpya zinazoakisi mwanga zilizoanza kutolewa mwaka 2022. Akalipa bima. Akanunua helmeti mbili na makoti mawili yanayong'aa, yake na ya abiria, kama sheria inavyotaka. Jioni ya kwanza hesabu ilikuwa yake mwenyewe, na alimpa mamake yote.

Mama alizihesabu zile noti, akazifunga kwenye pembe ya kanga, akauliza kuhusu ile logibuku nyingine, ya marehemu. Bado ilikuwa hai kwenye mfumo: fremu yake ilishakatwakatwa zamani, injini iko kwetu, lakini nambari ya usajili ingali inasimama kwa jina la mtu aliyezikwa. Mwizi akiipata, anaweza kuibandika kwenye pikipiki yoyote, na polisi wakaja Gatina kumgongea mjane mlango usiku. Shemeji akasema kesho ana abiria wa mapema wa kwenda Karen, ila kufikia saa nne atakuwa amerudi. Akampigia yule mama simu akamwambia aandae logibuku, cheti cha kifo na karatasi za mahakama, amchukue wakaombe usajili ule ufutwe.